Usipa Twauza, Mafuta Twanunua

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya chakula. Najua wasomaji wengi wamezoea kuona katika kurasa hizi habari za michezo, mashairi, na shukrani kwa walimu, na pengine watashangaa mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye mtihani umemkaribia, kukaa akaandika juu ya samaki. Lakini jambo lenyewe lilinikuta mezani, nami nimeshindwa kulinyamazia.

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita yalizungumzwa maakuli ya bwenini. Mwalimu anayesimamia chakula alieleza kwamba maharagwe yamepanda bei, akauliza kama wazazi wangekubali usipa uwe kitoweo mara mbili kwa juma. Mzazi mmoja akasimama, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema, "Sisi hatukuwaleta watoto shule waje kula usipa. Usipa wameuacha nyumbani." Watu wakapiga makofi. Sisi wanafunzi tuliokuwa tumejazana madirishani tukapiga makofi kuwashinda. Nami nilipiga, ingawa ni mtoto wa Ngumbo, na ada yangu yote tangu kidato cha kwanza imetoka katika usipa wa baba yangu. Mkutano ukapendekeza kwamba badala ya samaki mafuta ya kupikia yaongezwe, maharagwe yapate kuungwa vizuri, na siku za Jumamosi wanafunzi wapewe maandazi. Shauri halikukatwa, litarudi mkutanoni muhula ujao. Ndiyo maana naandika sasa.

Majuma mawili baada ya mkutano ule tuliingia katika somo la homoni. Kwa ajili ya wazazi ambao hawakupata somo hili, nitaeleza kwa maneno machache.

Homoni ni mjumbe. Hutengenezwa katika kiungo kimoja cha mwili, husafiri katika damu, na hupeleka amri katika kiungo kingine. Iko homoni iitwayo insulini, ambayo wataalamu wa Toronto nchini Canada waliipata mwaka 1921. Hiyo hutengenezwa na kongosho. Mtu alapo ugali, wanga wake hugeuka sukari na kuingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, nayo huiambia misuli ipokee sukari ile, huliambia ini liache kutoa sukari yake, na huyaambia mafuta ya mwili yatulie ghalani yasitoke.

Sasa fikiri kengele ya alfajiri. Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza husikia mlio wa kwanza tu, akaruka kitandani. Sisi wa kidato cha nne tumeizoea. Kiranja hupiga, akapiga tena, hata akaja kugonga milango kwa kiatu. Mwishowe watu huamka, lakini mpiga kengele amechoka. Hivyo ndivyo ulivyo usugu wa insulini. Misuli na ini havisikii tena kwa wepesi, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Kwa miaka mingi mtu huonekana mzima kabisa. Siku kongosho litakaposhindwa kuongeza, sukari hupanda katika damu, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili.

Je, mafuta yanaingiaje hapa, hali tumezungumza habari za sukari? Huingia kwa mlango wa nyuma. Mwili una mahali pake pa kuweka akiba ya mafuta, nako ni chini ya ngozi. Mafuta yakikaa hapo hayana ugomvi mkubwa na mtu. Lakini akiba ikizidi, au ghala ikiwa ndogo kwa asili, mafuta hutafuta pa kulala: huingia ndani ya ini, ndani ya misuli, na kuzunguka matumbo. Yakikaa huko huchafua ujumbe wa insulini. Ndiyo sababu yuko mtu mwembamba wa mikono na miguu, lakini tumbo limetangulia, naye ana kisukari. Na yuko mtu mnene ambaye sukari yake ni njema. Sikulijua hilo. Nilidhani kisukari ni ugonjwa wa watu wanene wenye magari.

Tena mafuta hayafanani. Katika Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Sweden, wataalamu walichukua vijana 39 wembamba wakawapa vikeki vya kula kila siku kwa majuma 7, juu ya chakula chao cha kawaida. Habari zake zilitangazwa mwaka 2014. Nusu yao vikeki vyao vilipikwa kwa mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na nusu kwa mafuta ya alizeti. Wote walizidishiwa mpaka uzito ukaongezeka kwa kadiri ya asilimia 3. Kwa mizani walikuwa sawasawa. Lakini walipopimwa ndani kwa mitambo, wale wa mawese walionekana wameongeza mafuta mengi zaidi katika ini, na mafuta ya kuzunguka matumbo yameongezeka kwao mara mbili ya wenzao. Wale wa alizeti waliongeza nyama zaidi. Yafaa niseme kweli yote: majuma 7 hayakutosha kuonyesha tofauti kubwa ya usugu wa insulini baina ya makundi hayo mawili. Lakini mafuta yaliyojificha katika ini ndiyo njia ya kuendea huko, na vijana wale walianza njia hiyo kwa vikeki tu, ambavyo sioni vinavyopitana sana na andazi la Jumamosi.

Rafiki yangu mmoja atokaye Kigoma aliposoma mstari huo akakasirika, akasema mawese ndiyo yaliyomlea. Simtukani mama yake wala mchikichi wake. Mawese mekundu ya kwao, kijiko kimoja katika chungu cha mboga, yana vitamini A tele. Mimi nasema habari za mafuta meupe ya dumu, yaliyosafishwa hata hayana rangi wala harufu, ambayo mara nyingi ni ya mawese yaliyotoka ng'ambo, na ambayo twayamwaga katika karai mpaka andazi linaelea kama mtumbwi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nijionee haya kwa makofi yangu.

Mwalimu wetu wa biolojia alipomaliza kueleza insulini alituambia iko homoni nyingine, leptini, ambayo haikujulikana mpaka mwaka 1994, ilipogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ajabu yake ni kwamba leptini hutolewa na mafuta ya mwili yenyewe. Kabla ya hapo watu walidhani mafuta ni mzigo tu uliolala. Kumbe yanasema. Leptini ni kama mtunza stoo wa shule anayempelekea Mkuu wa Shule habari kila siku: magunia yako mangapi, tusinunue, au yamepungua, tununue. Mkuu wa Shule hapa ni ubongo. Stoo ikijaa, leptini huwa nyingi, na ubongo hupunguza njaa. Lakini mtunza stoo akipiga kelele mwaka mzima, ofisini huzoea, wakaacha kumsikiliza. Stoo imejaa mpaka mlangoni, nao wangali wanaagiza magunia. Watu wengi wanene wana leptini tele katika damu, na bado wana njaa.

Kisha mwalimu akasema, "Na sasa nitawapa habari za leptini ya Ziwa Nyasa." Tukacheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania.

Ng'ambo ya mto Ruhuhu, katika wilaya ya Ludewa, iko Lugalawa, mahali pa milimani. Wataalamu wa Italia, akiwamo Paolo Pauletto wa Padova, walifanya huko kazi ijulikanayo duniani kwa jina la Utafiti wa Lugalawa. Walilinganisha watu wa namna mbili walio karibu kwa asili na kwa kabila. Wa kwanza ni wavuvi wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa, ambao walikula samaki wa ziwa kila siku, gramu 300 hata 600. Wa pili ni watu wa milimani, ambao walikula vyakula vya shambani bila samaki. Mwaka 1996 walitangaza katika gazeti la utabibu la Uingereza liitwalo Lancet kwamba wale wa ufuoni walikuwa na shinikizo la damu dogo zaidi, na lehemu kidogo zaidi katika damu, kuliko wale wa milimani.

Mwaka 2002 wakarudi na habari za leptini, safari hii pamoja na wataalamu wa hospitali ya Mayo huko Marekani. Walipima watu 608: walaji samaki 279, na wa milimani 329. Wote walikuwa wembamba, uzito wao kwa urefu wao karibu sawa. Kwa kawaida wanawake wana leptini nyingi kuliko wanaume, kwa sababu miili yao ina mafuta zaidi. Lakini wanawake wa ufuoni walikuwa na leptini chache kuliko wanawake wa milimani, na chache kuliko hata wanaume wa milimani! Wataalamu walidhani kwamba mafuta ya samaki pengine huufanya mwili usikie leptini kwa wepesi, hata mtunza stoo hana haja ya kupiga kelele.

Nilirudi bwenini siku ile nimenyamaza. Watu wametoka Italia na Marekani wakaja katika ziwa letu kutazama kilichomo katika sahani zetu, wakaandika kwa mshangao. Na sisi wenye sahani tulipiga makofi iondolewe.

Lakini sitaki kuwadanganya wasomaji kwa furaha yangu. Nilimwuliza mwalimu, "Basi usipa ni dawa ya kisukari?" Akasema, "Polepole." Watu wa milimani na watu wa ufuoni hawapitani kwa samaki tu. Wako mbali kwa baridi, kwa kazi, kwa vilima vya kupanda, na kwa mengine ambayo vipimo havikuyashika. Kuona vitu viwili vikitembea pamoja si kuona kimoja kikimvuta mwenziwe. Tena mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza walikusanya majaribio 83 ya mafuta, hasa ya aina ya omega-3, ambayo ndiyo yapatikanayo katika samaki, na mengi yake yalikuwa ya kumeza vidonge. Walikuta kwamba vidonge vile havizuii kisukari cha aina ya pili, wala haviponyi, au huleta mabadiliko madogo sana yasiyo na maana. Kwa hiyo yeyote atakayemwuzia mama yangu chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya sukari amwibia.

Basi tumebaki na nini? Kwa maoni yangu tumebaki na jambo kubwa kuliko dawa. Mtu hali kirutubisho kimoja, hula sahani. Mvuvi wa utafiti ule hakuwa na samaki tu. Palipokuwa na samaki hapakuwa na kitu kingine. Gramu 300 za samaki zikiingia tumboni, andazi halina nafasi. Kidonge hakimwondolei mtu andazi lake. Humeza kidonge na andazi akala. Mkutano wetu ulipokataa usipa haukukataa samaki peke yake. Ulichagua kitakachokaa mahali pake, nacho ni mafuta ya dumu.

Uko mfano wa kisiwa cha Mauritius, jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya huko ilibadili mafuta ya kupikia ya mgawo, ambayo yalikuwa zaidi ya mawese, ikaweka ya soya. Ilipofika mwaka 1992 lehemu katika damu ya watu ilikuwa imeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha waganga. Ni kazi kubwa iliyofanywa kwa amri moja ya serikali. Lakini kisukari hakikushuka, kilizidi kupanda. Waliyabadili mafuta, wala hawakuibadili sahani. Ndiyo maana sitoshelezwi na wenzangu wanaosema, "Tununue alizeti badala ya mawese, mambo yaishe." Alizeti ni afadhali, nami naunga mkono, na fedha itakwenda kwa wakulima wa Singida na Dodoma. Lakini andazi la alizeti ni andazi.

Sasa niseme habari za bibi yangu, mama wa baba, kwa ruhusa yake. Bibi si mnene wala hakupata kuwa mnene. Amelima muhogo na kuanika usipa tangu utoto. Watoto wake walipopata kazi mijini, kila aliyekuja likizo alimletea dumu la mafuta na sukari. Kwetu hiyo ndiyo heshima. Mtu hawezi kumwendea mama yake kwa mikono mitupu, wala hawezi kumpelekea usipa mtu wa ufuoni. Bibi akazoea chapati asubuhi, na mboga zikaogelea. Usipa, alioutandaza mwenyewe juani, ukawa wa kuuza wote, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na lori lilikuwa linangoja. Mwaka juzi alianza kwenda haja usiku mara nne, mara tano, akapelekwa hospitali, akaambiwa ni sukari. Nilipokwenda kumsalimu likizo alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, hawa baba zako walinipenda sana. Walinipenda kwa mafuta."

Najua bibi mmoja si ushahidi. Miaka imemwingia, na sukari ya chai nayo ina hesabu yake, na tangu magoti yalipomwuma hatembei tena kwenda shamba la mbali. Lakini hayuko peke yake. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitangaza kwamba katika vijiji walivyovipima Tanzania, watu wazima wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Katika upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2012, watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 waliokutwa na sukari ya kisukari walikuwa karibu 9 katika mia. Hesabu hizi mbili hazilingani sawasawa, maana ya kwanza ni ya vijiji na ya pili ina miji ndani yake, wala hawakupima kwa njia moja. Hata tukiipunguza kwa nusu, tofauti bado yatisha.

Nageukia wenzangu wanafunzi, kwa maana najua watakavyonicheka. Kwanza watasema usipa una mchanga. Hapo wamesema kweli, wala sitawabishia. Nani hajauma mchanga katika usipa akasikia meno yakilia mpaka kichwani? Lakini mchanga si wa samaki. Usipa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwaka ziwani kama mji, na alfajiri hutandazwa chini ufuoni, kwa sababu ufuo ni wa bure na ni mpana. Mahali wanapotumia vichanja, yaani meza ndefu za miti zenye wavu juu, usipa hukauka kwa upepo wa juu na wa chini, haushiki mchanga, na kuku hawaukanyagi. Kichanja ni miti, wavu mkuukuu na kazi ya siku mbili. Wavuvi hawatengenezi kwa sababu mnunuzi hawaongezei bei kwa usafi. Shule ingesema, "Sisi twanunua wa kichanjani tu," vichanja vingeonekana.

Pili watasema unanuka. Usipa mpya haunuki vibaya. Unaonuka ni ule uliolala miezi katika gunia mahali pa joto. Mafuta ya samaki, yale yale yanayotufaa, ni laepesi sana kuharibika. Yakikutana na hewa na jua kwa muda mrefu huchacha. Basi ununuliwe kidogo kidogo, uwekwe mahali pakavu penye kivuli, uliwe mapema. Wala usikaangwe katika mafuta mengi! Nimewaona watu wakiusifu usipa kwa faida zake huku wanautumbukiza katika karai la mafuta meusi yaliyokwisha kukaanga viazi tangu Jumatatu. Uchemshwe kwa nyanya na kitunguu, au utiwe karanga zilizotwangwa. Wenzetu Wamatengo, ambao karanga na maharagwe wayajua kuliko sisi, watatufundisha hapo.

Tatu watasema, na hili ndilo hasa lililowapigisha makofi, kwamba usipa ni chakula cha maskini. Hapa sina jibu la biolojia. Najua tu kwamba usipa ule ule ukipanda lori, ukapita Mbinga na Songea, ukafika Dar es Salaam, hupimwa kwa kikombe kidogo sokoni na watu huulizana bei kwa sauti ya chini. Hauwi wa maskini mpaka unaporudi kwetu.

Wazazi wangu wavuvi wataniuliza, "Unataka tusiuze? Ada utalipa kwa nini?" Hasha, sisemi hivyo. Kama usipa usingeuzwa, nisingekuwa na kalamu ya kuandikia maneno haya. Nasema tu tuangalie biashara yenyewe. Baba yangu huuza gunia la usipa, na katika fedha ile mama hununua dumu la mafuta. Tumetoa chakula chenye nyama ya mwili, chenye chokaa ya mifupa kwa kuwa huliwa mzima, na chenye mafuta ambayo watu wa nchi za mbali wanayatafuta kwa vidonge. Tumepokea mafuta matupu. Ukiuza magunia kumi, je, lile la kumi na moja haliwezi kubaki jikoni?

Kwa upande wa shule nimepiga hesabu, nikasaidiwa na mwenzangu hodari wa hisabati. Tuseme tuko wanafunzi 400. Kila mmoja apewe gramu 30 za usipa mkavu, ambazo ukiwa mbichi zingekuwa kama gramu 120. Mara moja ni kilo 12. Mara mbili kwa juma ni kilo 24. Kwa muhula wa majuma 16 ni kilo 384. Wazazi wa ufuoni wenye watoto hapa si wachache. Kama shule ingewakubalia kulipa sehemu ya mchango wa chakula kwa usipa badala ya fedha, kama vile wazazi wa milimani wanavyoleta mahindi na maharagwe, kilo hizo zingepatikana bila kwenda kwa mchuuzi. Nimeuliza kwa nini mahindi hupokewa na usipa haupokewi. Nilijibiwa kwamba haijapata kuwa desturi.

Maharagwe yabaki siku nyingine. Sina vita na maharagwe. Andazi nalo lisifukuzwe kabisa, lije siku ya sikukuu, likaangwe katika mafuta mapya, nasi tutalifurahia zaidi kwa kulikosa. Ninaloomba ni kwamba fedha iliyopendekezwa iende katika mafuta ya ziada irudishwe mezani na kutazamwa upya.

Mkutano utakapokaa muhula ujao sisi wa kidato cha nne tutakuwa katika chumba cha mtihani, wala hatutapata nafasi ya madirishani. Kwa hiyo namwomba Bwana Mhariri aandike hapa kwamba makofi ya mwanafunzi mmoja wa Ngumbo yameondolewa katika hesabu ya siku ile. Baba amekubali kuleta nusu gunia la kuonja, lililokaushwa juu ya kichanja alichokijenga likizo iliyopita kwa wavu wake wa zamani, na mpishi mkuu amesema atalipokea, mradi mwenye gunia aje pia na karanga.